Vigelegele Si Jibu

Ukimpelekea Diwani wetu mashtaka, hata ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, hakukupa pole wala hakukupa kiti. Alikuuliza kwanza: "Mwenyewe umemuuliza?" Ukisema bado, alikurudisha ulikotoka. Mimi alinirudisha mara nyingi, tena nikiwa mwalimu mkuu msaidizi, nimevaa suruali iliyonyooshwa pasi, wanafunzi wangu wananitazama. Niliondoka pale nimenuna. Nikienda kumuuliza huyo niliyetaka kumshtaki, mara nyingi jambo lilikwisha palepale, na sababu ya kurudi kwa Diwani ikawa haipo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nasema Diwani kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, na yeye alikuwa na watoto wa kutosha. Lakini alipochaguliwa kuwa diwani wa kata, cheo kikameza majina yote. Mumewe alimwita Diwani. Wajukuu nao hivyohivyo. "Shikamoo Diwani," wasichana wanapita na ndoo kichwani. "Marahaba, mama hajambo?" anajibu bila kuinua macho kwenye karanga anazomenya, na bado alijua ni nani aliyepita na nani hakuamkia.

Kata yetu ipo ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upande unaotazama Masasi. Ukisimama nyuma ya shule siku isiyo na ukungu unaiona milima ya mawe ya Masasi kule chini, na mabati ya mji yanametameta. Juu tunayo mikorosho, tunao upepo, na maneno ndiyo usiseme. Maji ndiyo shida. Yapo bondeni, kwa majirani zetu wa kata ya chini, na wanawake wa kwetu wamekuwa wakiteremka na ndoo tupu alfajiri na kupanda nazo zimejaa jua likiwa limeshakuwa kali.

Diwani alikuwa mfupi, mpana, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayechelewa. Kwenye vikao vya baraza la madiwani alikwenda na korosho za kukaanga zimefungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kumpinga mtu alimgawia kwanza. Madiwani wenzake waliizoea tabia hiyo, na nasikia mmoja alikuwa akiona tu kitambaa kinafunguliwa upande wake anasema, "Basi leo nimekwisha." Akishakugawia alikupinga kwa sauti iliyofika barabarani, na mkitoka nje alikuuliza habari za mkeo.

Watu wa mjini waliposikia ameishitaki serikali, walidhani ni mtu wa kuichukia. Hawakumjua. Sijaona mtu anayeipenda serikali kama yule mama. Bendera ya ofisi ya kata ikichanika aliishona mwenyewe. Kijana akiitukana serikali kilabuni, wakati wa msimu wa mabibo, pombe yake ya uraka inapokuwa nyingi na ndimi zimelegea, Diwani alimwita kesho yake na kumkemea mpaka anatokwa na jasho. Nilimwambia siku moja, "Diwani, wewe unaikemea midomo ya wenzako, halafu unakwenda Mahakama Kuu kuishitaki hiyohiyo serikali?"

"Serikali ni yangu," akasema. "Ningeishitaki ya mtu mwingine kwa nini?"

Sasa nyumbani kwake ilikuwa habari nyingine. Huyu mwenye kutaka kila mtu aulizwe, kwake hakumuuliza mtu. Aliamua nani asome nini, mahindi yapandwe wapi, mjomba alale chumba gani. Siku moja mumewe, mzee mpole asiyepandisha sauti, alitoka shambani kupulizia dawa mikorosho, akakuta baiskeli yake haipo. Diwani ameshamwazima mhudumu wa zahanati, kwa muda usiojulikana. Mzee akaja kwangu, akakaa, akanywa chai yote. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Haya mapitio ya mahakama mnayoyasema, maamuzi ya mke nayo yanapitiwa?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Nilipomfikishia Diwani malalamiko hayo hakuona aibu hata kidogo. "Nyumbani si halmashauri," alisema. Baiskeli ilirudi baada ya mavuno, tairi moja likiwa jipya na fremu imepakwa rangi nyingine, ambayo mzee hakuulizwa.

Jambo la pili lililomfanya ajulikane, zaidi ya ukali wake, lilikuwa vigelegele. Kuanzia kwetu mpaka Kitangari, na nasikia hata Chilangala, mwali anapotolewa unyagoni watu walimtafuta yeye. Alikuwa na pumzi ndefu ajabu. Alianza chini, akapanda, na pale unapodhani ameishiwa akaongeza, wanawake wengine wakamdaka. Mimi si mtu wa ngoma, lakini nikimsikia nilikuwa nasimama mlangoni bila kujijua.

Na hapa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotaka kutuangamiza. Mgeni akipanda kuja kwetu hupewa maji kwanza, ya kunawa na ya kunywa, na hayo maji yamepandishwa ukingo kwa kichwa cha mtu. Akisimama kusema hupigiwa vigelegele. Akimaliza hupigiwa tena, amesema jema au amesema baya. Mgeni hakalishwi kwa kimya. Kumwacha arudi kwenye kiti chake watu wamenyamaza ni kumfukuza, na sisi hatufukuzi mtu aliyekunywa maji yetu.

Basi wakaja wageni kutoka ofisi moja ya juu, magari yao yamejaa vumbi jekundu. Tuliwapa maji, tuliwapikia wali na kuku. Mgeni rasmi akasimama kwenye uwanja wa shule yangu akatangaza kwamba kata yetu imefutwa. Imeunganishwa na kata ya bondeni, na ofisi ya mtendaji itakuwa huko chini. Tulisikia vizuri kabisa, hakuna aliyekosa kuelewa. Mzee mwenye fimbo akitaka barua ya utambulisho ateremke ukingo na kuupanda tena. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba ateremke. Na diwani wa kwetu, mwenye kutusemea, hayupo. Tulikuwa tumepigwa butwaa, na katika butwaa lile mgeni akasema ahsanteni sana, akageuka kukaa. Diwani akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Wanawake wote wakamfuata, uwanja mzima ukalia. Wageni walitabasamu, simu zao zikirekodi yote, wakaondoka.

Nilimkuta jioni anasugua masufuria ya wageni kwa mchanga. Nikamuuliza, "Sasa Diwani?" Akasema, "Sasa Mwalimu, hawa watu walikuja kutwambia. Hawakuja kutuuliza." Akaendelea kusugua. Kwenye baraza la madiwani alisimama akasema hivyohivyo. Mkurugenzi akamjibu kwa heshima kwamba amri imetoka ngazi iliyo juu ya halmashauri, baraza lenyewe halikuombwa maoni, na yeye hana la kufanya. Kwa Diwani maneno hayo, halikuombwa maoni, yalitosha kumpandisha gari kwenda Masasi kutafuta wakili.

Wakili alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mrefu, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Tulikwenda watatu: Diwani, mzee mmoja mwakilishi wa wanakijiji, na mimi wa kusindikiza. Alimwita Diwani mama tangu dakika ya kwanza.

"Mama, kwanza tunaomba kibali cha mahakama," alieleza. "Tukipewa, ndipo tunaomba amri itenguliwe. Sheria imeweka muda wake. Ukipita, hata ukiwa na haki mlango umefungwa."

"Na jaji atasema kata yetu ibaki?"

"Hapana, mama. Hatasema ibaki wala ifutwe, hiyo si kazi yake katika kesi ya namna hii. Ataangalia njia waliyopita kufikia uamuzi. Kama mlistahili kusikilizwa na hamkusikilizwa, ataufuta. Baadaye wakitaka wanaweza kuanza upya, ila wafuate utaratibu."

Mimi nilikasirika, sifichi. Nilisema pale pale kwamba hiyo ni safari ya kwenda kuchota maji kwa pakacha. Tuhangaike mpaka Mtwara ili tu tuje kuulizwa, halafu watufute vilevile? Lakini Diwani alikuwa amekunjua uso kama mtu aliyesikia jina la kwao likitajwa ugenini. "Hicho hicho," alimwambia wakili. "Hicho ndicho nilichokifuata."

Kazi ya kuwaelewesha wengine aliifanya kwenye njia ya maji, huku wanaume tukijadili kilabuni na kukoroga mambo. Mwanamke mmoja alimuuliza, kama jaji haamui kata ibaki au iondoke, basi anaamua nini? Diwani akamjibu, "Jaji haonji mboga. Anauliza kama mpishi alinawa mikono." Kuanzia siku hiyo hakuna mwanamke wa kata yetu aliyehitaji maelezo mengine, na mimi nililiiba neno hilo nikawafundishia somo la uraia.

Kulikuwa na waliomsema. Anapigania kiti chake, walinong'ona, kata ikifutwa na udiwani umekwenda. Maneno hayo yalimfikia, kila neno kwetu linafika. Hakujitetea. Nilimshauri aitishe mkutano aseme wazi kwamba hafanyi kwa ajili ya cheo. Akasema, "Wananisema au wameniuliza?" Nikasema wanakusema. "Basi hakuna swali la kujibu."

Kilichomwangusha kilikuwa kingine. Kibali tulikipata, amri ikasimama kungoja uamuzi, na majibu ya upande wa serikali yalipoletwa, wakili alituita Masasi. Alifungua kompyuta yake akatuonyesha video. Ni uwanja wa shule yangu, ni mgeni rasmi anamaliza kusema, na ni Diwani wetu mbele ya wote, mkono mdomoni, sauti inapanda. Na katika kiapo chao cha maandishi wamesema kwamba wananchi walishirikishwa na wakaridhia kwa shangwe. Mimi nilitazama dirishani.

Tulipanda kurudi. Tulipofika ukingoni Diwani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwalimu," alisema, "nimeiuza kata kwa ulimi wangu."

Tangu hapo akanyamaza. Si kwenye vikao, huko aliendelea kugawa korosho na kubishana. Alinyamaza vigelegele. Mjukuu wake mwenyewe alitolewa unyagoni mwaka ule, akatoka amependeza, amepakwa mafuta, ngoma zinalia, na wanawake wakageuka wote kumtazama bibi aanze. Akasimama mdomo umefungwa. Mwanamke mwingine akaanza kwa kubabaisha, ikawa hivyo. Yule binti alimtazama bibi yake kwa macho ambayo nami yaliniuma, na mumewe Diwani aliondoka uwanjani akaenda kukaa peke yake.

Aliyetuokoa hapo ni wakili kwa kutokuwa mwenyeji. Alipanda kuja kwetu mwenyewe kwa pikipiki, akapewa maji, akanywa, akakaa na Diwani barazani. Akasema, "Mama, kwetu wanawake wakipiga vigelegele wamekubali jambo. Naomba kujua, kwenu vina maana gani?"

Katika kesi nzima ile, nadhani, ndiyo mara ya kwanza mtu alimuuliza Diwani swali ambalo muulizaji mwenyewe hakujua jibu lake. Akaeleza. Alieleza habari ya maji na habari ya mgeni kutokalishwa kwa kimya. Alisema hata mtu akija kukuambia kwamba ndugu yako amefungwa, akimaliza salamu zake unamshukuru kwanza, kilio baadaye. Wakili aliandika. Kesi za namna hii watu hawapandi kizimbani, wanaapa kwa maandishi, kwa hiyo maneno yale ndiyo yaliyokwenda Mtwara kama kiapo chake. Nilikisoma kabla hajatia saini. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili cha mahakama, kimenyooka, lakini sauti yake niliisikia humo.

Siku ya uamuzi sikuweza kwenda, kulikuwa na mitihani. Diwani alikwenda na yule mzee mwakilishi. Asubuhi nzima niliwapa watoto karatasi huku simu iko mfukoni inanichoma. Ilipolia nilitoka nje ya darasa, kinyume cha kanuni zote za usimamizi.

"Mwalimu," sauti yake ilikuwa ndogo. "Imetenguliwa."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya darasa. Nilikuwa sijui kwamba nimeubeba mzigo ule kiasi kile mpaka ulipotuliwa. Machozi yalinitoka nami nikayaacha. Akanisimulia baadaye jinsi Jaji alivyosema kuhusu ile video: kwamba ameitazama yote, anamsikia mgeni rasmi akizungumza na anawasikia wanawake wakimshangilia, lakini hamsikii mwananchi hata mmoja akiulizwa neno. Video waliyoileta wao. Wakili wa serikali, mtu muungwana, alimpa Diwani mkono nje ya mahakama na kumtakia safari njema.

Watu walimpokea barabarani kwa ngoma, uraka ukamiminwa, wakaimba kwamba tumeshinda, kata haifutiki tena. Akapanda juu ya kiti akawanyamazisha. "Hatujashinda kata," alisema. "Tumeshinda kuulizwa. Watarudi hawa, na wana haki ya kurudi." Hakuna aliyetaka kulisikia hilo siku hiyo, akawaacha wacheze. Mjukuu wake alikuwa pale, akamvuta kanga, akamwambia jambo sikioni. Diwani akacheka, akaweka mkono mdomoni, na deni la unyagoni likalipwa mbele ya kata nzima. Nililala usingizi mzuri usiku ule.

Uchaguzi ulipokuja hakuchukua fomu. Waliomsema kwamba anapigania kiti walibaki wanatafuta neno jipya. Alirudi kwenye mikorosho yake na kumtawala mumewe, na watu waliendelea kumwita Diwani, jambo ambalo diwani mpya alilivumilia kwa tabu.

Mimi nilistaafu nikateremka kuishi Masasi. Mwaka huu nikasikia kwamba wageni wanarudi, ile ile habari ya kuunganisha kata, safari hii matangazo yamebandikwa mapema mpaka kwenye mlango wa msikiti na kanisani. Nikapanda kwenda kusikia. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Maji yakagawiwa, vigelegele vikapigwa. Mgeni, bwana wa makamo mwenye miwani, akaeleza sababu zao, kisha akasema: "Sasa nimekuja kusikiliza. Anayetaka kusema aseme, nitaandika."

Walisimama wengi, wote wakikataa, wengine kwa hasira. Kisha akasimama Diwani, amepungua mwili, anajishikilia begani kwa mjukuu. Uwanja ukatulia. Tulijua atakachosema, tulikuwa tayari kushangilia.

"Mimi naona tuungane," akasema.

Sijawahi kusikia kimya kama kile pale kwetu. Akaendelea bila haraka. Maji yako chini, alisema, na watu walio chini wana mradi wa pampu. Tukiwa kata moja, bomba litakuwa letu sote na tutalidai kwa mdomo mmoja. Ofisi ya mtendaji iwekwe katikati ya njia, si chini kabisa, wazee wasiteseke. Hayo ndiyo maoni yake. Watu wakaguna, mmoja akapaza sauti, "Diwani, si wewe uliyetupeleka mahakamani tusiungane?" Akajibu, "Niliwapeleka tusiunganishwe. Kuungana sikuwahi kuulizwa." Akakaa.

Mikono ikanyooshwa. Waliotaka kuungana walikuwa wachache, wa kuonea huruma, Diwani akiwa mmoja wao na mumewe akiwa upande wa pili, ameunyoosha mkono juu kuliko wote. Bwana wa miwani akasema ameona, ataripoti kwamba kata imekataa, na sababu zote za pande zote atazipeleka.

Nilimsindikiza Diwani nyumbani taratibu. Nilikuwa sijui nimpe pole au nimtanie, nikachagua utani maana ndio tulioishi nao.

"Diwani, leo umeshindwa. Tena hadharani."

"Nimeshindwa vibaya," akasema, na uso wake wote ulikuwa umekunjuka. "Lakini Mwalimu, ulimwona yule bwana? Nilipomaliza aliniomba nirudie lile la ofisi kuwa katikati, ili aliandike sawasawa."

"Nilimwona."

"Basi nikarudia polepole," alisema, "na yeye akaandika."